Mirunda Kumi na Minne

Fundi Onesphory alikuwa amekaa mahabusu ya Muleba siku mbili, na katika siku mbili hizo alikuwa amejibu swali moja mara thelathini: nondo umeziuza wapi? Kwa hiyo Inspekta Edvina Rutaihwa alipoingia Jumamosi asubuhi, akavuta kiti na kuuliza jambo jingine kabisa, fundi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Chini ya ile sakafu uliweka mirunda mingapi?"

"Mirunda?"

"Ndiyo, ile miti ya kushikilia zege mpaka likomae. Mingapi?"

"Tisini na sita, afande. Safu nane, kila safu kumi na miwili. Yote mikaratusi."

"Una hakika?"

"Nilihesabu mwenyewe siku ya kumwaga. Mimi simwagi zege juu ya mti nisioujua."

Edvina akaandika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mkazi wa Hamugembe, mfupi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alimtoa Bukoba kwa ajili ya kesi hii kwa sababu ofisi nzima ilijua kwamba marehemu baba yake alikuwa fundi mwashi, na kwamba Edvina mwenyewe alisoma sekondari kwa ada iliyotokana na zege.

"Baada ya kumwaga, uliwahi kuihesabu tena?"

Onesphory akakuna kichwa. "Hapana. Nilikuwa naingia kwa ngazi ya nje, namwagilia maji juu asubuhi na jioni, basi. Nani anahesabu miti ambayo imeshasimama?"

"Unaogopa nini zaidi, fundi? Jela?"

"Jela ina mwisho," akasema Onesphory. "Kesho ni Jumapili, afande. Kamati ya kigango chetu cha Ijumbi ilikuwa imenipa kazi ya ghorofa ya ukumbi wa kanisa. Kesho katekista akisoma matangazo kwamba kamati inatafuta fundi mwingine, nimekwisha. Hata banda la kuku sitapewa nijenge. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, na jina ndilo jembe langu."

Edvina akafunga daftari. Hakumwahidi kitu, maana ahadi za polisi watu wamezichoka.

Njiani kwenda Ijumbi, Koplo Uledi ndiye aliyeshika usukani. Uledi alikuwa kijana wa Tanga aliyehamishiwa Kagera mwaka uliopita, na bado alishangaa kwamba watu wazima wanaweza kula ndizi asubuhi, mchana na jioni bila kulalamika.

"Afande, mimi naona jamaa kaiba," akasema. "Sakafu haiwezi kupinda yenyewe."

"Kweli haiwezi. Ndiyo maana tunakwenda kuiuliza."

"Kuiuliza sakafu?"

"Wewe endesha gari, Uledi."

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Mwenyewe ni Protase Rugambwa, mfanyabiashara wa Mwanza, aliyeamua kumjengea mama yake nyumba ya ghorofa moja ili bibi yule aishi kama watu. Zege la sakafu ya juu lilimwagwa Jumamosi ya wiki mbili nyuma. Jumatano ya wiki hii, siku ya kumi na moja, vibarua walipandisha matofali juu yake. Kabla ya saa sita mchana kukasikika mlio mkubwa, na sakafu ikashuka tumbo katikati, ikapasuka ufa mrefu wa kuingiza kidole. Hakufa mtu, hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Mhandisi wa wilaya akaagiza ishikiliwe kwa jeki za chuma, na Protase akafika Alhamisi akiwa amejaa hasira mpaka kooni. Fundi akalala ndani siku hiyo hiyo.

Protase aliwapokea barazani mwa nyumba ya zamani. Alikuwa mtu mzito, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi.

"Karibu, Inspekta. Kazi yako ni rahisi. Mtu amekula saruji yangu na nondo zangu, kaniachia uji."

"Uji tutauonja," akasema Edvina. "Nipe nyundo na msumari."

Akaingia chini ya sakafu, Uledi nyuma yake akiinama kuliko ilivyohitajika. Humo ndani mlikuwa na giza la msitu: miti imesimama safu kwa safu, imebeba mbao, na mbao zimebeba zege. Edvina akaenda kwenye ufa. Akachokonoa zege kwa ncha ya msumari, akagonga, akasikiliza. Msumari uliteleza na kuacha mstari mweupe tu. Akapima nondo zilizochungulia kwenye ufa: za milimita kumi na mbili, zimepangwa kila sentimita kumi na tano, zimefungwa waya kila makutano. Akatoa mchoro mfukoni, akalinganisha.

"Bwana Rugambwa, nondo zako zote zipo. Saruji nayo ipo, hata mhandisi aliigonga kwa nyundo yake ya kupimia akasema kwa umri wake zege ni zuri. Hukuibiwa hata kilo."

Lakini Protase, kama mtu aliyezoea biashara, hakuacha hoja yake njiani. "Basi hakuweka miti ya kutosha. Nimeihesabu mwenyewe Alhamisi. Themanini na miwili! Yeye anasema tisini na sita. Huo si uongo?"

"Uledi, hesabu."

Uledi akahesabu kwa sauti, akapotea kwenye arobaini, akaanza upya. Ikawa themanini na miwili kweli. Kumi na minne haikuwapo, na yote ilipungua palepale katikati, chini ya tumbo la sakafu.

"Umeona?" akasema Protase. "Mwizi wa miti naye ni mwizi."

Edvina alikuwa amechuchumaa, tochi mkononi, akiangalia chini. Kila mrunda ulikuwa umekanyagishwa juu ya kipande cha ubao ili usizame kwenye udongo, na kati ya ubao na mti kumepigwa kabari. Pale katikati vipande vya ubao vilikuwapo bila miti. Alivihesabu, akavihesabu tena.

"Njoo uone, Bwana Rugambwa. Siku ya kumwaga zege, maji ya saruji huvuja kwenye maungio ya mbao, yakadondoka chini. Angalia huu ubao. Umejaa matone ya saruji kila mahali, isipokuwa hapa katikati. Hapa pana nini?"

Protase akainama kwa shida. "Mraba."

"Mraba safi, hauna tone. Kwa nini?"

Uledi ndiye aliyejibu, furaha imemjaa usoni. "Kwa sababu kabari ya mti ilikuwa imekaa hapo!"

"Haswa. Na vibao vya namna hii viko kumi na vinne. Fundi aliweka mirunda tisini na sita kama alivyosema. Zege likamwagwa juu yake yote. Kuna mtu alikuja baadaye akaitoa kumi na minne. Tena hakuing'oa kwa vurugu. Aligonga kabari taratibu, akazipanga pale ukutani. Unaziona? Mwizi gani anapanga kabari?"

Protase akafuta jasho. "Audax," akasema. "Audax muuza miti, hapo barabarani. Anauza mirunda kila siku. Amekuja kuchukua yangu akaiuze tena."

Wakaenda kwa Audax kwa miguu, dakika kumi za kuteremka. Lilikuwa jina lenye mantiki, na Edvina hakuwa mtu wa kudharau mantiki. Audax walimkuta ameketi juu ya mali yake, mtu mrefu mkavu, anamenya muwa kwa panga.

"Nimeibiwa mirunda kumi na minne," akaanza Protase.

"Pole sana," akasema Audax. "Chagua mingine hapo, mizuri."

Edvina akapita kwenye lundo, akigeuza mti mmoja mmoja. Yote ilikuwa mibichi, bado inatoa utomvu, na hakuna hata mmoja wenye doa la saruji.

"Mama, unatafuta nini kwenye miti yangu?"

"Saruji."

"Lo! Miti yangu haijawahi hata kuiona saruji. Ikishatoka hapa inakwenda inakokwenda, hairudi." Akatema kapi la muwa. "Na wiki hii wala sijauza mirunda. Nimeuza panda tu."

"Panda?" Uledi akauliza.

Audax akamhurumia kwa macho. "Huyu wa wapi? Miti yenye panda, mwanangu, ya kuegemeza migomba. Ile mvua ya upepo ya Jumapili iliyopita ililaza mikungu ya watu. Jumatatu asubuhi Ijumbi nzima ilikuwa hapa. Mgomba wenye mkungu ukianguka kabla mkungu haujakomaa, ni hasara na ni aibu pia, watu wanasema mwenye kibanja amelala. Saa nne nilikuwa nimebaki na magome. Walionikosa walinitukana."

"Nani hakuja?" akauliza Edvina.

"Hee?"

"Umesema Ijumbi nzima ilikuja. Nani hakuja?"

Audax akaacha kutafuna. Akafikiri, na kwa mara ya kwanza akamtazama Protase kwa kumwonea haya kidogo. "Mae Klaudia," akasema. "Mama yake huyu. Nikadhani mwanawe kamletea ya kwake kutoka mjini. Maana jana nimepita, migomba yake imesimama yote kama askari wa gwaride."

Hapo Protase akageuka, akawatangulia njia nzima ya kupanda.

Mae Klaudia alikuwa nyuma ya nyumba ya zamani, anamenya ndizi. Bibi wa miaka sabini na miwili, mikono yenye mishipa, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ukali. Alimwona Edvina akaweka kisu chini.

"Mirembe, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Mirembe, Mae. Mimi ni Edvina Rutaihwa, wa Hamugembe, lakini kwetu hasa ni Kamachumu."

"Binti wa Rutaihwa mwashi? Loo! Baba yako alijenga josho la ng'ombe la baba mkwe wangu! Kaa, kaa." Akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, maana mgeni hawezi kuulizwa shida yake mdomo ukiwa mtupu. Edvina akachukua mbili kwa heshima, akamwashiria Uledi naye achukue. Uledi akatafuna, akakunja uso, akavumilia kiaskari.

"Mae, naomba unitembeze kibanjani."

"Twende. Kuna nini cha kuficha kibanjani?"

Hawakwenda mbali. Mgomba wa kwanza uliokuwa na mkungu ulikuwa umeegemezwa na mti ulionyooka, mnene, wa mkaratusi. Haukuwa na panda. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, bapa kabisa, na kwa kuwa mti bapa haushiki mgomba, mtu alikuwa amefungia juu yake panda fupi la mti wa kahawa kwa kamba za migomba, vifundo imara vya mtu ajuaye anachofanya. Chini ya kamba, ubavuni mwa mti, yalikuwa matone ya saruji yaliyokauka.

Edvina akapita mgomba kwa mgomba. Uledi akahesabu, safari hii bila kupotea. Alipofika kumi na nne, mirunda ikawa imekwisha.

"Mae," akasema Edvina, "hii miti nani ameiweka?"

"Nani mwingine? Mimi." Bibi akajibu kama aliyeulizwa nani amepika. "Upepo ulilaza mikungu yangu, kwa Audax nikaambiwa kuna foleni kama ya hospitali. Na miti imejaa humo ndani ya nyumba ya Protase, imesimama tu, inaangaliana! Sakafu yenyewe ilishakauka. Nilipanda juu nikaikanyaga kwa kisigino. Jiwe! Nikachukua michache ya katikati, ya pembeni nikaiacha, nisije nikaharibu. Wewe ni mtoto wa Kihaya, ungefanyaje?"

"Mae!" Protase akapiga kelele, akashika kichwa. "Mae, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Ulishuka kwenye gari unapiga kelele nondo, nondo, saruji, saruji. Mimi nondo nazijulia wapi? Nikajua fundi kaiba kweli. Nimelia kwa ajili yake. Kila siku nampelekea chakula huko Muleba, maana hata mwizi anakula."

Ikabidi Edvina amwambie. Alimkalisha kwenye gogo, akamshika mkono.

"Zege, Mae, ni kama mtoto. Akiwa na mwaka anasimama mwenyewe, unafurahi, lakini humtwishi ndoo ya maji. Siku ya tisa lilikuwa limesimama tu. Lilihitaji ile miti mpaka wiki nne ziishe. Jumatano wakalitwisha matofali."

Mae Klaudia alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia migomba yake, akaangalia ile nyumba.

"Kwa hiyo yule mtoto wa watu hakuiba."

"Hakuiba."

"Amelala kwenye sakafu ya polisi kwa ajili ya mikungu yangu ya ndizi."

"Ndiyo, Mae."

Bibi akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, bila kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Protase akamvuta Edvina kando. Ile sauti ya bosi ilikuwa imemtoka. "Inspekta, nakuomba. Mfungulie fundi leo hii, mimi nafuta malalamiko. Andika tu kwamba ushahidi haukutosha. Nyumba ni yangu, hasara ni yangu. Mama yangu asitajwe. Ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, watu watamcheka mpaka kaburini."

"Ushahidi haukutosha," Edvina akarudia polepole. "Unajua Ijumbi watayasikiaje maneno hayo? Watasema ameiba ila hakukamatika. Katekista ulimwambia nini?"

Protase akatazama viatu vyake. "Nilimwambia fundi wao ni mwizi."

"Basi mimi naandika nilichokiona. Zege zima, nondo zote zipo, mirunda ilitolewa baadaye na mtu wa nyumbani asiyejua madhara yake. Hakuna kosa la jinai, fundi hana hatia. Hilo litakaa kwenye faili la polisi. Lakini Ijumbi hawasomi faili la polisi, Bwana Rugambwa. Jina lake ulilichafua kwa mdomo, na faili langu haliwezi kulisafisha."

Hawakujua kwamba bibi alikuwa amekwisha kunyamaza na alikuwa anawasikiliza.

Onesphory alitoka mahabusu saa kumi jioni. Alimpa Edvina mkono, akashukuru, lakini bega lilikuwa bado limeshuka. Alikuwa ameshaambiwa na jamaa zake kwamba katekista alikwisha kuandika karatasi ya matangazo.

Jumapili Edvina hakuwa na lazima ya kurudi Ijumbi. Alikuwa Mlutheri, na faili lilikwisha kufungwa. Hata hivyo saa nne asubuhi alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa la kigango, na Uledi amekaa nje kivulini na chupa ya soda. Padre hakuwapo juma hilo, ibada iliongozwa na Katekista Mushumbusi, mzee mwembamba mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Onesphory alikaa benchi la mwisho na mkewe Jovitha, na watu walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili zao.

Ukafika wakati wa matangazo. Mushumbusi akasoma la kwanza, ndoa. Akasoma la pili, usafi wa makaburi. Akakohoa.

"Tangazo la tatu. Kuhusu ukumbi wetu, kamati inatafuta..."

"Katekista, ngoja."

Mae Klaudia alikuwa amesimama kwenye mabenchi ya akina mama, amevaa sare yake na rozari mkononi. Protase, aliyekaa upande wa pili, akafumba macho.

"Mae Klaudia, nafasi ya akina mama inakuja baadaye."

"Hili haliwezi kungoja." Akageukia watu. "Wakristo, mnanijua. Wote mmesikia kwamba Fundi Onesphory aliiba nondo za mwanangu, ndiyo maana sakafu ikapasuka. Hakuiba hata msumari. Aliyepasua ile sakafu ni mimi Klaudia. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikatoa mirunda kumi na minne chini yake, nikaegemezea migomba."

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha mzee mmoja mbele akauliza, kwa kutaka kujua kabisa, "Na ndizi zilipona?"

"Zimepona zote!" akajibu Mae Klaudia, na kanisa zima likaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele, hata Mushumbusi akavua miwani akafuta macho. Bibi naye akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akainua mkono wakatulia.

"Nichekeni. Nimestahili. Lakini na mtoto huyu aombe msamaha." Akamnyooshea kidole mwanawe. "Protase, simama."

Protase Rugambwa, na simu zake mbili na umri wake wa miaka hamsini, akasimama. "Nilimsingizia fundi," akasema. "Naomba radhi mbele yenu. Na nyumba yangu nataka aimalize yeye."

Mushumbusi akavaa tena miwani. Akaitazama karatasi yake muda mrefu, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akachora mstari.

"Tangazo la tatu limefutwa," akasema. "Fundi wa ukumbi ni yuleyule. Tangazo la nne."

Hakuna aliyelisikia tangazo la nne. Kwenye benchi la mwisho Onesphory, ambaye kwa siku zote alizokaa polisi hakutoa chozi, alikuwa ameinama analia, mkewe amemshika bega, na watu wanasogea upande huu na upande ule mpaka benchi likajaa.